Kompyuta imefika, mbona kazi haijapungua?

Swali: Mimi ni msimamizi wa makarani. Miaka mitatu iliyopita tulifungiwa mfumo wa kompyuta, tukaambiwa kazi ya siku tano itaisha kwa siku mbili. Mpaka leo tunatoka saa zilezile, na mkurugenzi anasema tatizo ni uzembe wetu. Sasa kuna mpango wa kutuletea akili mnemba. Nyie wachumi mnaposema teknolojia inaongeza tija, mnapima nini hasa?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na kipimo chenyewe. Tija ni thamani ya kilichozalishwa, ugawe kwa saa zilizotumika kukizalisha. Haiulizi umechoka kiasi gani wala umejibu jumbe ngapi. Kama maombi ya wateja yanayokamilika ni yaleyale na saa ni zilezile, tija haijasogea, hata meza zote zikijaa skrini mpya.

Na hamko peke yenu. Mwaka 1987 Robert Solow, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka huohuo, aliandika kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Wachumi walihangaika sana na kitendawili hicho. Jibu lililonishika mimi lilitolewa mwaka 1990 na Paul David wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye alirudi nyuma mpaka enzi ya umeme.

Vituo vya mvumbuzi Thomas Edison vilianza kuuza umeme New York na London mwaka 1882. Lakini kufikia 1900, mota za umeme zilikuwa zinatoa chini ya asilimia 5 ya nguvu iliyoendesha mashine za viwanda vya Marekani. Ukitaka kujua sababu, ingia ndani ya kiwanda cha mvuke. Kuna injini moja kubwa. Inazungusha mhimili mrefu wa chuma uliopita darini, na kwenye mhimili huo imening'inia mikanda ya ngozi, kila mkanda ukishuka kuzungusha mashine yake. Mashine hazikupangwa kwa kufuata safari ya bidhaa. Zilikaa pale mkanda ulipoweza kuzifikia. Hata majengo yalijengwa ya ghorofa ili nguvu isipotelee njiani.

Umeme ulipoingia, wengi waling'oa injini wakaweka mota moja kubwa mahali palepale. Mhimili ukabaki, mikanda ikabaki. Faida ilikuwa ndogo. Ilichukua miaka mingi, na viwanda vipya kujengwa, mpaka kila mashine ikapewa mota yake, jengo likawa la ghorofa moja, na mashine zikapangwa kwa mfuatano wa kazi. Miaka ya 1920 ndipo tija ya viwanda vya Marekani iliporuka kweli.

Sasa naomba ufanye jambo moja. Chukua ombi moja la mteja, ulifuate tangu linapoingia mpaka linapotoka, na uandike kila mkono unaoligusa. Nikikisia, linaingizwa kwenye mfumo, linachapishwa, linapelekwa kusainiwa, linapigwa mhuri, linawekwa kwenye faili, kisha karani anarudi kwenye mfumo kuandika kwamba limesainiwa. Kama ndivyo, mmeleta mota mkaacha mhimili. Huo si uzembe wa karani, maana karani hana mamlaka ya kufuta sahihi hata moja.

Wapo wanaosema kosa liko kwenye vipimo: ramani ya karatasi ilikuwa na bei ikahesabiwa kwenye pato la taifa, ya kwenye simu ni ya bure haionekani. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini Chad Syverson, mchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliichunguza na kuonyesha kwamba haitoshi kueleza kwa nini ukuaji wa tija Marekani ulipungua baada ya mwaka 2004 hivi, na mimi nakubaliana naye. Robert Gordon, mchumi mwingine wa Marekani, anakwenda mbali zaidi: kwake, uvumbuzi wa sasa hauwezi kulingana na umeme na maji ya bomba. Hapo naona anawahi kuhukumu.

Kuhusu akili mnemba, gharama kubwa haiko kwenye programu. Iko kwenye mafunzo, kuandika upya taratibu na muda wa watu kujifunza kwa kukosea, na sehemu kubwa ya hayo haiandikwi popote kama uwekezaji. Ndiyo maana mwanzoni tija inaweza hata kushuka. Ikiletwa kuandika rasimu za barua ambazo bado zitasubiri sahihi nne, mtaokoa dakika za kuandika na kubaki na siku za kusubiri.

Kwa hiyo, orodha yako ikikamilika, ongeza safu moja pembeni: ombi lililala muda gani kwenye kila meza. Halafu mpelekee mkurugenzi, na umwombe achague ni sahihi ipi iondoke kabla mfumo mpya haujanunuliwa.