Maswali na Majibu: Kurekodi Sauti za Wanyamapori wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali ya safari hii yanahusu kurekodi sauti za wanyamapori na kuzipakia kwenye hazina za mtandaoni kama xeno-canto, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Bob Planqué na Willem-Pier Vellinga wa Uholanzi, na Macaulay Library ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani.

Nina simu ya kawaida tu. Je, inatosha kurekodi ndege wa Mlima Rungwe? (Msomaji, Tukuyu)

Inatosha kabisa kwa kuanzia. Tafuta programu inayohifadhi sauti katika muundo wa WAV, kwa kuwa vinasa sauti vya simu nyingi huibana sauti ili kuokoa nafasi, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp huibana zaidi, kiasi kwamba milio ya juu hupotea kabisa. Zima mtandao na mlio wa simu, mwelekezee ndege maikrofoni, kisha usimame bila kujitikisa, maana koti la mvua, ambalo Tukuyu hatuwezi kuliacha nyumbani, huchakacha karibu na maikrofoni na kumfunika ndege aliye mbali. Usiongee mpaka ndege amalize. Hapo ndipo useme kwa sauti yako tarehe, saa, mahali, na alichokuwa akifanya mnyama huyo. Maelezo yaliyomo ndani ya rekodi yenyewe hayapotei hata daftari likilowa. Jambo moja huwaponza wengi: ile tunayoiita saa 12 alfajiri, kwenye fomu ya hazina huandikwa 06:00, na saa 1 usiku huandikwa 19:00. Ndege anayelia alfajiri akiandikwa kuwa alilia saa sita mchana, rekodi yake humpotosha mtafiti badala ya kumsaidia.

Nikirekodi mlio nisioujua, niupakie au niuache? (Mwalimu, Mafinga)

Upakie, mwalimu, na uandike wazi kwamba mnyama hajatambuliwa. Xeno-canto inapokea rekodi za namna hiyo, na wenzako wenye uzoefu huzisikiliza na kuzijadili. Usikisie jina ili tu fomu ijae, kwa sababu jina la kukisia likishapakiwa hunakiliwa na wengine kana kwamba limethibitishwa.

Milio isiyojulikana ina historia yenye uzito katika nchi yetu. Komba wadogo wa misitu ya Tanzania hufanana mno kwa sura, hata wataalamu huwatenganisha kwa milio yao ya usiku, na komba wa Rondo alipoelezwa kisayansi katika miaka ya 1990, mlio wake ulikuwa miongoni mwa vigezo vikuu. Kipunji, aina ya kima, naye alikuwa akijulikana na wawindaji wa Kinyakyusa kabla watafiti hawajamwona kwenye Mlima Rungwe mwaka 2003. Alipotangazwa mwaka 2005 aliwekwa kwanza katika jamii ya mangabei, kundi jingine la kima, lakini mlio wake mzito, ulio kati ya honi na kubweka, ulikuwa tofauti na wao, na mwaka uliofuata akapewa jenasi (kundi la kisayansi la spishi) yake mwenyewe. Kwa hiyo mzee wa kijiji akikuambia mlio fulani ni wa mnyama fulani, andika jina alilolitaja kwa lugha yake katika sehemu ya maelezo, kwani huo ni ushahidi.

Je, ni sahihi kumchezea ndege sauti ya mwenzake ili ajitokeze? (Msomaji, Makete)

Mimi nasema usifanye, hasa wakati wa kutaga na kulea makinda. Ndege akisikia mlio huo hudhani mwingine amevamia eneo lake, na muda ambao angetafuta chakula unaishia katika kumfukuza adui asiyekuwepo. Subiri tu, mvua za kwanza zikianza, wengi huimba wenyewe.

Kwarara hupita kila alfajiri juu ya mashamba ya chai wakipiga kelele. Kuna faida gani kumrekodi ndege ambaye kila mtu anamjua? (Msomaji, Mufindi)

Faida ipo, tena kubwa. Programu za kutambua ndege kwa sauti, kama BirdNET na Merlin, hufunzwa kwa rekodi zilizopakiwa na watu, na ndege wengi wa aina moja huimba tofauti kidogo kutoka eneo moja hadi jingine. Programu isiyopata rekodi za kwetu itakosea kwetu.

Isitoshe, wingi wa leo si dhamana. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, Udzungwa, alikoishi kwa maelfu kwenye manyunyu ya maporomoko. Kufikia mwaka 2009 alikwishatangazwa kuwa ametoweka porini. Mlio ambao haukurekodiwa wakati mnyama yupo haupatikani tena.

Nikipakia rekodi zangu, je, sitaibiwa? Na je, siwaonyeshi majangili njia? (Msomaji, Mbeya mjini)

Haki ya rekodi inabaki kwako. Kwenye xeno-canto unachagua leseni ya Creative Commons, na unaweza kuchukua ile inayomtaka mtumiaji akutaje jina na kumkataza kufanya biashara.

Hofu yako ya pili ndiyo nzito zaidi. Kwa ndege wa kawaida, taja mahali kwa usahihi. Kwa kipunji, ambaye anapatikana tu Rungwe-Kitulo na msitu wa Ndundulu ulioko Udzungwa na ambaye amewahi kuwindwa, taja jina la msitu bila kuweka nukta ya ramani. Kabla ya kuingia, omba ruhusa: msitu wa Rungwe uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na Hifadhi za Taifa za Kitulo na Milima ya Udzungwa ziko chini ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa).

Mbona popo hawasikiki kwenye rekodi yangu? (Mwanafunzi, Iringa)

Popo wengi wanaokula wadudu hulia juu ya kilohezi 20 (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), ambako sikio la binadamu halifiki, na simu nayo hurekodi mpaka takribani kilohezi 24 tu. Inahitajika mashine maalumu ya kunasa sauti kama AudioMoth. Ila popo wala matunda jaribu kuwarekodi kwa simu hiyohiyo. Baadhi ya madume huita usiku kwa mlio unaosikika vizuri.