Uchawi wa bure hauna hadithi

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia: binti yako anatimiza miaka 12, umnunulie vitabu vya hadithi za kichawi vya Harry Potter au vya Percy Jackson? Vyote watoto huvimaliza bila kushurutishwa. Percy, vitabu vitano vya mfululizo wa mwanzo, ana mzaha zaidi. Harry, vitabu saba, anakua pamoja na msomaji.

Mimi ninachouliza ni nani anaulipia huo uchawi. Unanijua: uchawi wa bure hauna hadithi. Ndiyo maana ninyi niliwasomea Ursula K. Le Guin, *A Wizard of Earthsea* cha 1968. Ged, kijana wa visiwani, maji ya kunde kama sisi, anaita mzuka kwa majivuno tu mbele ya mwenzake, na mkuu wa chuo chake cha uchawi anakufa akiziba ufa uliofunguka, nacho kivuli kimeshatoka. Hapo umeme ukakatika. Tukawasha chemli, nikaendelea kuwatafsiria. Bibi yako alikuwa jamvini anasuka ukili, nikidhani hasikilizi. Kivuli kinamwandama Ged kisiwa hadi kisiwa, mara bibi akasema bila kuinua kichwa, "Si ni yeye mwenyewe huyo! Anamkimbia nani?" Nilikuwa nimebakiza kurasa chungu nzima za kuwatesa nazo! Kaka yako akaenda kulala, eti hadithi imekwisha. Hadi leo nikikumbuka nacheka, na bado naona mama alinidhulumu.

Lakini ngoja. Harry naye mama yake alimkinga kwa uhai wake, kwa hiyo siwezi kusema uchawi wake ni wa bure. Na *Akata Witch* cha Nnedi Okorafor, 2011, kinanivuruga kabisa. Sunny, binti mwenye ualbino anayeishi Nigeria, kila akijifunza jambo fedha zinamdondokea kutoka juu. Huko si kulipa, ni kulipwa! Ingawa elimu yenyewe anaipata kwa hofu na jasho, na mchawi mmoja mwovu anateka watoto. Basi nimerudi palepale: uchawi wa bure hauna hadithi.

Sikuchagulii, mtoto ni wako. Ila Sunny anapenda mpira kama mjukuu wangu, na yule Ged ninaye bado hapa, jalada limebanduka. Huyo Percy anaweza kumwazima shuleni.

Baba yako