Nani kasema mgongo wangu usipigwe eksirei?

SWALI: Shikamoo Dokta. Mi naendesha bodaboda hapa Morogoro, mgongo unaniuma mwezi wa nne sasa. Juzi nimeenda hospitali nikaomba eksirei daktari kakataa, kasema mwongozo hautaki, eti nifanye mazoezi na mkanda wa kiuno niuvue. Huo mwongozo kaandika nani wakati mgongo ni wangu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kushinda kwenye pikipiki huku kiuno kinawaka sio mchezo.

Mwongozo hauandikwi na mtu mmoja. Wanakaa madaktari, mafizio (wataalamu wa tiba ya mazoezi), watafiti, na siku hizi hata wagonjwa wenyewe, wanapanga maswali kwanza, mfano mkanda unasaidia kweli au la, halafu tafiti zinakusanywa na kupimwa zinaaminika kiasi gani, kuna utaratibu unaitwa GRADE wenye ngazi nne, na mtu mwenye maslahi na kampuni ya dawa lazima aseme mapema. Ndio pendekezo linatoka. Yapo ya nguvu na yapo ya masharti, haya ya masharti daktari anatakiwa akae na wewe muone kama linakufaa.

Desemba 2023 WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa maumivu sugu ya mgongo wa chini: mazoezi ndiyo, mikanda hapana, kuvutwa mgongo hapana, dawa kali za jamii ya mofini hapana. Habari ya picha iko kwenye mwongozo wa Uingereza wa 2016, usipige kwa mazoea tu. Sababu ni kwamba picha zinaonesha pingili zimechakaa hata kwa watu wasioumwa kabisa, ukapimwa ukaonekana hivyo utaishi na hofu ya bure.

Ila daktari wako kakosea kitu kimoja na hapa naumia, maana kwenye huo mwongozo wa WHO kumwelimisha mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe, sasa yeye kasema "hautaki" akanyamaza!

Halafu yote haya ni kwa mgongo usio na dalili za hatari. Kama una homa, jasho la usiku, unakonda, umeanguka na pikipiki, au uliwahi kuugua kansa au TB, sema, vipimo vinahitajika, huku kwetu TB ya uti wa mgongo ipo. Miguu ikiishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri au mkojo ukakugomea, nenda siku hiyo hiyo usisubiri kesho.

Kama huna hizo rudi kwa daktari umwombe akupeleke kwa fizio, akuoneshe mazoezi yenyewe moja moja na namna ya kukaa kwenye pikipiki.