Mpango wa usalama ni wa anayeishi ndani ya nyumba hiyo

Nilipoanza kazi ya ushauri nasaha, niliamini kwamba kumsaidia mtu anayepigwa nyumbani ni kumtoa humo haraka iwezekanavyo. Mmoja wa wateja wangu wa mwanzo ndiye aliyenisahihisha. Nilikuwa nimemwandikia mpango wa usalama, yaani hatua za kujikinga, kwenye karatasi, kwa mwandiko safi na vichwa vilivyopigiwa mstari. Aliusoma hadi mwisho, akaukunja mara nne, kisha akanirudishia akisema kwamba mume wake hupekua pochi yake kila jioni.

Kwa hiyo, ninyi mnaoanza kazi hii, ulizeni kabla ya kushauri. Mteja ndiye anayejua mwenza wake hurudi saa ngapi, ni hatua gani za miguu zinazoashiria ghadhabu, na ni mlango upi unaolia ukifunguliwa. Ugomvi ukianza, asogee karibu na njia ya kutokea na aepuke jikoni, kwenye visu, na bafuni, ambako mlango ni mmoja na kila kitu ni kigumu. Lakini ni njia ipi hasa, atawaambia mwenyewe.

Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba hatari inaisha pale anapoondoka. Kutengana, pamoja na siku za kabla yake ambapo mwenza ameshaanza kuhisi jambo, ni kipindi ambacho hatari ya kuuawa huongezeka, na ndiyo maana mtu anayesema "bado" mara nyingi si mwoga wala mpumbavu bali amepiga hesabu ambazo ninyi hamjazipiga.

Muuguzi na mtafiti wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alitunga katikati ya miaka ya 1980 orodha ya maswali ya kupima hatari hiyo, nayo ingali inatumika. Huuliza kuhusu silaha, vitisho vya kuua, wivu uliopindukia na kipigo wakati wa ujauzito, lakini kwanza mteja hupewa kalenda aweke alama kwenye siku alizopigwa katika mwaka uliopita. Nimemwona mtu aliyesema "si mara nyingi" akiweka kalamu chini kabla hajafika nusu ya mwaka. Swali la kukabwa koo liulizwe waziwazi, kwa kuwa wengi hawalitaji iwapo hakukubaki alama. Ni miongoni mwa dalili nzito kuliko zote, na madhara ya ndani ya shingo yanaweza kujitokeza hata siku kadhaa baadaye, hivyo apimwe hospitali hata kama anaongea vizuri.

Kuhusu mkoba wa dharura sina mengi: vitambulisho, vyeti vya watoto, dawa, funguo za ziada na fedha kidogo, vyote vihifadhiwe kwa mtu ambaye mwenza hamtilii shaka. Simu inahitaji umakini zaidi, kwa sababu huenda inaonyesha mahali alipo au akaunti yake inafunguliwa pia na mwenza. Hata hivyo, kubadilisha nywila zote kwa siku moja kunaweza kumshtua mwenza, hivyo ni salama zaidi kutumia simu ya mtu mwingine kwa mambo haya. Watoto wafundishwe neno la siri la kuwapeleka kwa jirani, na waambiwe bayana kwamba kazi yao si kuamulia ugomvi.

Wala msimwite mwenza ili muwapatanishe. Akishajua lililosemwa ofisini, anayelipia ni mteja akifika nyumbani.

Kabla hamjaagana, kubalianeni mtakavyowasiliana: saa ya kupiga simu, na mtakachosema ikiwa atapokea mwingine. Mimi huwa naulizia nguo iliyopelekwa kwa fundi, na mteja akijibu kwamba haijawa tayari, nakata simu bila kuongeza neno.