Toa stauti ya pipani kwenye friji mapema

Kama umepata chupa ya stauti ya imperiali, yaani bia nyeusi yenye kilevi kingi, iliyolazwa pipani, usiinywe ikiwa ya baridi. Baridi ya friji hufunga harufu, na bia hii raha yake kubwa iko puani. Mimi huitoa kama nusu saa kabla ya kuifungua, nikilenga nyuzi 12 hadi 14. Ikizidi kidogo hapo kwa joto la mkono, sina ugomvi nayo.

Usidharau kazi ya pipa. Stauti za aina hii zina mizizi London ya karne ya 18, zilikopikwa bia nyeusi kali za kupelekwa Urusi. Mambo ya kuzilaza kwenye mapipa ya burboni, wiski ya Kimarekani, ni ya juzi tu, miaka ya 1990, na kiwanda cha Goose Island cha Chicago ni miongoni mwa waliotangulia. Sheria ya Marekani inataka burboni ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja halifai tena kwa burboni, na wapika bia hulichukua. Linabeba lita 200 hivi. Bia hulala humo miezi mingi, wakati mwingine hata mwaka, ikinyonya wiski iliyobaki kwenye mbao pamoja na vanila, nazi na ladha ya sukari iliyoungua.

Mimina kidogo, mililita 100 zinatosha, kwenye glasi yenye tumbo na mdomo uliobana. Povu lake la kahawia likitoweka upesi usidhani bia imekufa. Kilevi kingi hakiachi povu likae.

Usizamishe pua ndani mara moja, utachomwa na kilevi tu. Anzia kidevuni, pandisha glasi taratibu. Kisha piga funda dogo, lizungushe mdomoni, meza, halafu toa pumzi puani mdomo ukiwa umefungwa. Hapo ndipo pipa hujitokeza. Funda la kwanza mara nyingi hunipa kahawa chungu na shayiri iliyoungua, basi. Glasi ikikaa robo saa, uchungu unalegea, inakuja chokoleti, halafu zabibu kavu, na vanila inabaki kooni muda mrefu baada ya kumeza. Ndiyo maana sitoi hukumu kabla glasi haijafika nusu.

Hukumu yangu ni moja: je, stauti bado ipo? Zipo nyingi zinazosifiwa ambazo kwangu ni wiski iliyotiwa sukari, pipa limeimeza bia yote. Nzuri ni ile ambayo ukiiondolea burboni akilini, bado unabaki na bia unayoitaka. Ukiweza kupata toleo la kiwanda hichohicho lisilopita pipani, ziweke bega kwa bega. Utajifunza mengi kuliko kusoma maelezo ya kwenye lebo. Anza na hilo lisilo la pipa.

Uchachu usioutarajia huwa ni bakteria waliojificha kwenye mbao. Ladha ya karatasi iliyolowa ni hewa iliyoingia. Ila bia iliyozeeka vizuri huweza kuleta kaladha kama ka divai ya sheri, na hiyo mimi naipenda.

Sasa hesabu. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 13 ina kilevi kinachokaribia cha chupa nne za mililita 330 za bia ya asilimia 5, na utamu wake unakificha. Kwa hiyo sifungui nikiwa peke yangu. Watu wanne kwa chupa moja ni sawa kabisa, maji yakiwa mezani, na wa kuendesha gari awe yule asiyeonja.