Kupanda mlima sikuumia, mbona kushuka ngazi nalia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Jumamosi tulipanda Morningside, kule juu ya mji wa Morogoro, mimi na wenzangu wa ofisini. Kupanda nilihema mpaka nikaona aibu, ila kushuka ilikuwa raha mustarehe. Jumapili nilisikia uchovu wa kawaida tu. Jumatatu asubuhi mapaja yamekakamaa, ngazi za ofisini nimezishuka kinyumenyume. Jamaa wa gym anasema ni asidi imejaa kwenye misuli, nikimbie niitoe. Mwingine ananishauri nichome sindano ya diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu. Nimsikilize nani?
Mshika Ukuta, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Waache wote wawili.

Hiyo asidi ya laktiki inasingiziwa bure, na kwenye gym zetu ndiyo inayobebeshwa kila lawama. Ukikazana sana, misuli hutoa laktati, ndiyo hiyo watu wanayoiita asidi ya laktiki, ni kweli. Lakini ukishapumzika, ndani ya saa moja hivi imesharudi kiwango chake: moyo huitumia kama nishati, ini nalo huigeuza kuwa sukari. Jumatatu haikuwepo. Ungekimbia utoe nini?

Kilichokuumiza ni ule mteremko uliouita raha. Kama bado unaweza, simama kwenye ngazi, weka kiganja pajani, juu kidogo ya goti la mguu utakaobaki, kisha shusha mguu mwingine taratibu. Utasikia paja la mguu uliobaki juu limekuwa gumu. Hapo misuli minne ya mbele ya paja imekaza, na huku inarefuka, sawa na mikono ya mtu anayeteremsha ndoo kisimani: kamba inakwenda chini, yeye anaizuia. Wakati wa kupanda misuli hiyo hukaza ikifupika. Inachosha mapafu na moyo, lakini nyuzi zake haziumii sana. Ikikaza ikirefuka, baadhi ya nyuzi hupata michaniko midogo isiyoonekana kwa macho. Mmarekani Theodore Hough aliwaza hivyo tangu mwaka 1902. Mwili huanza kuikarabati, panavimba kidogo kwa ndani, na mishipa ya fahamu inakuwa nyepesi kuhisi. Ndiyo maana maumivu huchelewa, yakapamba moto kati ya saa 24 na 72.

Sasa ufanye nini? Tembea polepole, kula vizuri, lala. Kuchuliwa misuli kwa mkono mwepesi kunapunguza. Kujinyoosha, pamoja na sifa zake zote, hakusaidii kitu cha maana. Sindano hiyo sikushauri kabisa: mwili ukiwa umepungukiwa maji, diklofenaki inaweza kuumiza figo, na maumivu yenyewe yataisha ndani ya siku chache.

Jambo moja usilifanyie mzaha. Mkojo ukitoka wa kahawia mithili ya chai ya rangi, au paja likivimba na kuishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ni dalili kwamba protini ya misuli imemwagika kwenye damu, na figo zinaweza kuelemewa.

Mkitaka kurudi Morningside, rudini ndani ya wiki chache, msisubiri mwaka mzima. Misuli iliyokwisha kuonja mteremko huumia kidogo sana mara ya pili. Na safari hii shukeni kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, bila kukimbizana.