Uliza Ujibiwe: Nataka kuondoka kidogo, nijikumbuke

Nina miaka 48. Mtoto wa mwisho amekwenda chuo. Kwa miaka 25, mtaani, kwenye kikoba, hata kwa fundi cherehani, mimi ni Mama Rehema. Juzi zahanati waliita jina langu mara mbili sikuitika. Sikujua ni mimi. Nina akiba ya shilingi 600,000, na mume wangu hana neno. Nataka siku kumi peke yangu. Mawifi wameshaanza kusema nimekimbia nyumba. Niende wapi, na nifanyeje nisirudi siku ya pili?
*Mama Rehema, Tabata, Dar es Salaam*

Kabla ya kufikiria uende wapi, fikiria utalala wapi. Usilale kwa ndugu. Ukifikia kwa binamu yako Korogwe, kesho yake wewe ni shangazi, keshokutwa umeshika mwiko, na siku ya nne unaombwa ushauri wa harusi. Hapo hujasafiri, umehama jiko. Lala gesti. Pale mapokezi utapewa kitabu cha wageni kilichopigwa mistari: jina kamili, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi. Kijaze mwenyewe, taratibu, kwa jina lako la shule. Kwenye kazi usikimbilie kuandika "mama wa nyumbani" kama umewahi kuuza vitenge au kuweka hesabu za kikoba. Andika hiyo. Beba kitambulisho cha taifa, maana watakiuliza.

Kwa fedha hiyo tunakushauri Lushoto. Lugha ni yako, hali ya hewa si ya Dar, na mtu anaweza kutembea kwa miguu kutwa bila kuonekana kichaa. Basi la moja kwa moja linaondoka asubuhi mapema kituo cha Magufuli, Mbezi, kupitia Chalinze, Segera na Korogwe. Ukilikosa, panda la Arusha ushuke Mombo, kisha uchukue gari dogo la kupandisha mlimani. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona tupu, na unapanda kutoka joto la bonde hadi mita 1,400 hivi. Kona hizo ndizo zinazowatapisha watu: kaa mbele, kula kidogo, usiangalie simu.

Usiende masika, Machi hadi Mei, njia zinateleza. Juni hadi Agosti ni pakavu zaidi lakini usiku kuna baridi ya kweli. Sweta moja zito na soksi za sufu si anasa. Viatu visiwe vipya. Vivae Tabata wiki tatu kabla, sokoni na kurudi, la sivyo malengelenge yatakulaza kitandani siku ya pili.

Gawa fedha hivi: nauli na magari madogo 80,000; malazi usiku tisa kwa 25,000, jumla 225,000; chakula siku kumi kwa 12,000, jumla 120,000; mwongoza njia 75,000; akiba 100,000, ambayo haiguswi, na iwe kwenye laini ya pili ya simu, si kwenye pochi. Bei zikiwa juu ya hapo, punguza siku, usipunguze akiba.

Siku tatu za kwanza usipange kitu. Zunguka mjini, nunua matunda, lala mchana. Siku ya nne nenda Irente, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka mjini, ukaone ukingo wa mlima unavyokatika na nyika kule chini. Siku ya tano na ya sita ndiyo ya mwongoza njia: msitu wa Magamba una kibali chake, na njia za ndani zinapoteza mgeni. Patana bei kabla ya kuanza, na ulize inajumlisha nini: kibali, chakula, gari la kurudi. Ugomvi mwingi wa safari hizi unazaliwa kwenye neno "tutaelewana". Ukiona miguu inakubali, kuna njia ndefu zaidi inayopita Rangwi hadi Mtae, siku tatu hivi. Ukiichagua, ongeza fedha ya mwongoza njia, na jioni ya mwisho ulize saa ya basi la kurudi, kwani la Mtae hushuka alfajiri mno.

Sasa nyumbani, ambako safari za namna hii huvunjikia. Wiki moja kabla, nunua umeme wa LUKU wa kutosha, jaza gesi, lipa maji, na mteue mtu mmoja, tuseme mdogo wako, ambaye kila swali litapita kwake. Simu ya nyumbani ni saa 1 usiku, dakika 15. Mchana inazimwa. Mkifunga mlango wa "sukari iko wapi", mmefunga nusu ya sababu za kukurudisha. Mama mkwe aambiwe na mwanawe mwenyewe, mapema, kabla mawifi hawajampa toleo lao.

Siku ya tatu au ya nne utajisikia mjinga, au mwizi wa fedha za familia. Usikate tiketi siku hiyo. Nunua daftari, kila jioni andika vitu ulivyochagua leo bila kumuuliza mtu: umekula nini, umepita njia gani, umekataa nini. Mwanzoni utapata viwili, na kimoja kitakuwa chai.

Barua ijayo, weka sahihi ya jina lako.

Nimeachishwa kazi Nairobi baada ya miaka sita. Nataka kukopa kwenye simu niende Lamu miezi mitatu nijitafute. Ni wazo zuri?
*K., miaka 29, Nairobi*

Lamu ni wazo zuri. Mkopo wa simu sio. Utakuwa umeketi barazani, upepo mzuri, na ujumbe wa mdai unaingia kila asubuhi.

Kwanza hakikisha umelipwa haki yako. Sheria ya Kenya, kazi ikifutwa kwa kupunguza wafanyakazi, inakupa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Kwako ni siku 90. Tenga kodi ya miezi miwili ya nyumba, kinachobaki ndicho cha safari. Kama kinatosha wiki tatu, nenda wiki tatu.

Kutoka Mombasa basi linapita Malindi na Garsen hadi Mokowe, kisha unavuka kwa boti. Barabara ya Garsen imekuwa na matatizo ya usalama, kwa hiyo safiri mchana tu na ulize hali kabla ya kukata tiketi. Mji wa kale uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001. Vichochoro vyake ni vya punda na miguu. Vaa kwa heshima ya mji, na ukienda Ramadhani, kula kwako ndani. Mei na Juni kusi linachafua bahari, usipange kutwa ndani ya mashua.

Jambo moja zito. Kama kwa wiki mbili au zaidi hulali, hula, hakuna kinachokufurahisha, au unawaza kufa, muone daktari kabla ya basi. Ugonjwa huo hupanda nawe garini na kushuka nawe.

Bibi aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964. Mimi nimezaliwa Muscat, nazungumza Kiswahili cha nyumbani tu. Nataka kuiona nyumba yake, labda nitajielewa. Nianzie wapi?
*S., Muscat*

Anzia kwa wazee walio hai hapo Muscat, na uwarekodi sauti. "Mji Mkongwe" haitoshi. Ulize mtaa: Malindi, Kiponda, Sokomuhogo, Mkunazini? Msikiti gani ulikuwa karibu, kisima, duka la nani kwenye kona? Majina ya barabara yamebadilika. Creek Road leo ni ya Benjamin Mkapa, lakini msikiti hauhami. Kama ilikuwa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, upande wa Michenzani, jiandae: nyumba nyingi pale zilibomolewa kupisha yale majengo marefu ya fleti.

Ukifika, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kwanza, ujitambulishe. Kisha nenda Kilimani, kwenye ofisi ya nyaraka za kale za Zanzibar, ukiwa na majina matatu ya bibi na ya babu.

Kosa kubwa ni kubisha hodi na kusema "hii ni nyumba ya bibi yangu". Mwenye nyumba atasikia kesi ya mahakama, na mlango utafungwa. Sema, "Shikamoo, bibi yangu alikulia mtaa huu, naomba kuuona tu." Usipige picha kabla hujakaribishwa, na usiende na mtu aliyeshika makaratasi.

Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni wa nje anayeingia Zanzibar analipa bima ya lazima ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar. Bima yako ya Oman haiichukui nafasi yake.

Nitajuaje chumba cha gesti ni salama? Nasafiri peke yangu mara ya kwanza.
*T., Morogoro*

Kikague kabla ya kulipa. Komeo la ndani lifanye kazi, dirisha lifunge, chandarua kisiwe na matundu, taa ya korido iwake. Chumba cha juu ni bora kuliko cha chini kinachotazama uani. Beba kabari ya mbao, fundi seremala atakukatia kwenye vipande vyake, uisukume chini ya mlango ukilala.